Tarehe Iliyokataliwa na Mashine

Mambo ambayo mashahidi wote waliafikiana ni haya. Siku ya Jumatano, tarehe kumi na tatu Machi mwaka 2024, mashine ya Sylvère ilisikika ikifanya kazi katika chumba cha uani cha nyumba yake ya mtaa wa Mutanga Sud, tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa kumi na moja jioni, ikisita na kuendelea kama ilivyokuwa desturi yake. Mke wake, Spéciose, aliisikia. Jirani yao Patricia, aliyekuwa akifua nguo upande wa pili wa ukuta, aliisikia. Valéry, kaka mkubwa wa Sylvère, aliyepita saa sita mchana kuazima ngazi, aliisikia pia, hata akalalamika kwamba mdogo wake hana tena muda wa kusalimia watu. Saa kumi na mbili jioni mlango wa chumba kile, uliofungwa kwa komeo ndani, ulivunjwa. Sylvère alikutwa sakafuni kando ya mashine yake, amekufa. Hakuwa na jeraha. Daktari aliyeitwa aliandika kwamba ni moyo, na tarehe akaandika 13.

Hayo hayana mgogoro. Mgogoro ulitoka humo humo. Jumanne Spéciose alikuwa amelala Ruziba, kwa dada yake mgonjwa. Jumatano kabla ya saa moja asubuhi alikuwa amekwisha kurudi, na hakutoka tena. Basi, kama mumewe alikufa Jumatano, alikufa hatua ishirini kutoka jikoni alipokuwa mkewe, na mkewe hakufungua mlango. Ndivyo Valéry alivyosema siku ya mazishi, na ndivyo alivyokusudia kusema tena mbele ya ukoo mzima siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja baadaye. Kwa desturi yao, ukoo ukishatamka siku hiyo, ndipo hujulikana kama mjane atabaki katika nyumba au atarudi kwao.

Spéciose hakuwa na utetezi. Ukweli ni kwamba aliamini mashtaka kuliko mshtaki mwenyewe.

Sababu ilikuwa hii. Sylvère, aliyekuwa fundi wa maabara, aliiunda mashine ile kwa mikono yake, kipande baada ya kipande, kwa miaka sita: reli za alumini, mota nne, kompyuta ya zamani, na kisu cha kuchongea kilichozunguka kwa kasi ya kutisha. Ilichonga milango, vibao vya majina, wakati mwingine picha za ndege. Aliweka sharti moja tu. Kisu kikizunguka, mtu asifungue. Na kwa kuwa alivaa kinyago cha vumbi na masikio ameyaziba, hakujibu kwa mdomo. Spéciose alipouliza jambo akiwa nje, Sylvère aligonga mlango kwa ndani. Mara mbili ni ndiyo. Mara moja ni hapana. Ilikuwa lugha yao, na hawakuwahi kukosana ndani yake.

Jumatano ile Spéciose aliuliza mara tatu. Saa mbili asubuhi aliuliza kama yu mzima. Saa sita, kama atakula. Saa kumi, kama Valéry arudishe ngazi leo au kesho haidhuru. Mara zote tatu mlango uligongwa mara mbili.

Tangu jioni ile alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi. Auona, aujua ni wake, lakini haumwambii kitu. Alikwenda sokoni, alisali, alisalimia watu barabarani. Chakula hakikuwa na chumvi wala utamu. Watu walimsifu kwa uvumilivu.

Aliyetaka kibao cha kaburi kichongwe na mashine ya marehemu alikuwa binti yao Orlane, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ubao wa libuyu, mti mgumu wa thamani, ulikuwako, Sylvère mwenyewe aliuweka kando. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, basi. Orlane aliandaa maandishi kwenye kompyuta, akajaribu kwanza kwenye mbao chakavu, na mashine ikaharibu. Akajaribu tena. Ikaharibu tena. Zilibaki siku sita kabla ya Jumamosi ya matanga, ndipo wakamwita Rachidi.

Rachidi alifika Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa miguu, kutoka Buyenzi, mfuko wa vyombo begani. Alikuwa fundi wa kusuka mota, mtu wa makamo, na jina lake liliaminika tangu enzi za baba yake. Alieleza kwamba petroli haionekani mjini, kwa hiyo gari lake siku hizi ni ndara zake, nazo hazina gia ya kupandia Mutanga. Spéciose alimletea chai.

"Asante, Mama Orlane, ila mi niko nafunga," Rachidi alisema. "Hiyo chai uipe mashine. Labda ni njaa tu inaisumbua."

Orlane alicheka kidogo. Spéciose alirudisha kikombe jikoni, akaja kuketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Rachidi alifanya kazi kwa kueleza, kama wafanyavyo mafundi waliowahi kulaumiwa bure. Mota hizi, alisema, si kama za kinu cha unga. Haziserereki. Zinakwenda hatua kwa hatua, hatua mia mbili kwa mzunguko mmoja, na kompyuta ndiyo inayozihesabia. Ubaya ni kwamba hesabu yenyewe ni ya upande mmoja. Kompyuta inaagiza hatua mia. Mota ikikwama ikapiga themanini, hakuna anayerudi kutoa taarifa. Mashine inaendelea kuamini ipo pale ambapo haipo. Kisha alizima umeme, akausukuma mkono wa mashine polepole kwenye reli yake. Kwenye kadi ya mota, bamba la saketi linaloiendesha, taa ndogo nyekundu ikawaka hafifu. Alimweleza Orlane kwamba hakuna ajabu: mota ikizungushwa na mkono inageuka dinamo, inazalisha umeme wake. Mkono ukiacha, taa inazimika. Bila mkono hakuna taa.

Spéciose aliyasikia hayo. Yalimfikia kutoka mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Kosa lenyewe lilikuwa la wazi. Jina lilitoka safi. Tarehe ya kuzaliwa ilitoka safi. Ilipofika tarehe ya kufa, kwenye tarakimu ya mwisho ya 13, mota ya upande wa kulia ilinguruma, ikatetemeka mahali pamoja, na yote yaliyofuata yakachongwa yamesogea milimita kumi na moja. Rachidi alikagua kiungio kati ya mota na parafujo ndefu, akakuta skrubu yake imelegea. Akaikaza. Akasema mwizi amekamatwa. Wakachonga upya, na mwizi akajulikana kuwa mwingine.

Siku ya Jumanne Rachidi alibadilisha mota: ya kulia akaipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Kama ugonjwa ni wa mota, utamfuata mgonjwa. Haukumfuata. Akabadilisha kadi. Akapima mkondo wa umeme, akaupunguza, akauongeza. Akavuta waya mpya, akauweka mbali na waya wa kisu ili usiingiliwe. Akapunguza mwendo hadi mashine ikatambaa. Akaleta feni ya kupooza kadi. Kila mara mota ilikwama kwenye tarakimu ile, na kila mara ilipoteza milimita kumi na moja, wala si kumi, wala si kumi na mbili.

Hilo ndilo lililomwondolea Rachidi utani. Mota iliyochoka, alimwambia Orlane, inapotea ovyo. Leo tano, kesho tisa. Kosa lenye nidhamu namna hii yeye hakuwahi kuliona.

Jumatano Orlane aliandika maandishi yote upya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Matokeo yakawa yale yale. Walisema labda ni umbo la tarakimu. Lakini 3 ya mwezi wa Machi, nafasi mbili tu mbele, ilipita bila tabu. Walisema labda ni mahali pale kwenye reli. Wakausogeza ubao, wakaugeuza juu chini. Mota ikakwama kwenye tarakimu ile ile, mahali pengine. Rachidi akafuta jina, akaacha tarehe peke yake. Ikapita. Akafuta tarehe, akaacha jina peke yake. Likapita. Akaweka jina lake mwenyewe na tarehe ile: *Rachidi, 13.3.2024*. Ikapita, safi, kila herufi mahali pake.

"Kumbe mi nilikufa zamani," alisema, "na mashine imekubali."

Orlane aliomba kibao kile kivunjwe, nacho kikavunjwa.

Jina la Sylvère likarudishwa. Rachidi, ambaye hakujua lolote la kesi ya ukoo, aliweka tarehe 14. Mota ikanguruma. Akaweka 11. Ikanguruma. Akaweka 12. Mashine ikachonga kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, bila mtetemo, kama kisu kinachopita kwenye avokado, ikarudi nyumbani kwake kwenye kona ya reli, ikatulia.

Rachidi aliuliza tarehe kumi na mbili ilikuwa siku gani.

"Ni mardi," Orlane alisema, yaani Jumanne. Alimtazama mama yake. "Mama alikuwa Ruziba."

Spéciose alikuwa akiziangalia chembe za mbao sakafuni. Alizihesabu hadi ishirini, kisha akasahau kwa nini.

Haki inataka isemwe hapa kwamba aliyeandika maandishi alikuwa Orlane, naye alikuwa na kila sababu ya kutaka tarehe ile. Mtu anaweza kuficha agizo ndani ya maandishi ya kompyuta, mota ikakwama pale anapotaka. Rachidi mwenyewe alilifikiria hilo usiku, na Alhamisi aliomba aachiwe kompyuta peke yake. Aliandika jina kwa kidole chake, tarehe kwa kidole chake. Mara sita. Matokeo hayakubadilika.

Saa nane mchana wa Alhamisi hiyo umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ikalegea, ikasimama. Kisu kikanyamaza. Patricia alisikika ng'ambo ya ukuta akiulalamikia umeme. Jua lilikuwa kali dirishani na kila kitu kilionekana vizuri. Rachidi aliketi juu ya ndoo, mikono magotini, kusubiri. Orlane alikuwa mlangoni. Spéciose alikuwa kwenye kigoda chake.

Taa ndogo nyekundu iliwaka.

Ikafifia. Ikawaka tena.

Mkono wa mashine ulikuwa unatembea kwenye reli. Polepole. Upana wa kidole. Ukasimama. Upana wa kidole tena. Mota ziliimba ule wimbo wao mwembamba, ambao Spéciose aliujua kama alivyokijua kikohozi cha mumewe.

Rachidi aliinua mikono yake miwili, akaitazama, kama mtu anayehakikisha ipo yote. Alivuta waya ukutani. Ukatoka. Taa iliendelea kuwaka. Mashine ilitembea hadi mwisho wa reli, upande wa mlango, ikagota. Taa ikazimika.

Rachidi aliuliza swali ambalo mwaka mzima hakuna aliyeliuliza, si daktari, si ukoo, si mjane.

"Mama Orlane," alinong'ona, "ile siku, courant ya umeme ilikuwako?"

Spéciose alifikiri. Jibu lilikuwa karibu. Alikuwa amelitembelea mara nyingi bila kulitazama usoni. Asubuhi ile aliporudi kutoka Ruziba, friji ilikuwa imeloa. Alipika kwa makaa. Alimtuma mtu akachajishe simu mjini.

"Apana," alisema. "Ilienda mardi usiku. Ikarudi jeudi." Yaani tangu Jumanne usiku hadi Alhamisi.

"Na moteri mulizisikia siku muzima?"

"Tulisikia wote. Tulisema ni betri."

Betri ilikuwako kweli, chini ya meza. Watu wengi mjini wanayo ya aina ile, na ndiyo maana hakuna aliyeshangaa. Rachidi alipiga magoti, akaivuta. Nyaya zake hazikuwa zimeunganishwa na kitu, na vichwa vyake vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe wa miaka. Alipima. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma, kwamba hata ikiwa mpya betri ya ukubwa huo ingeendesha mashine hii robo saa. Labda dakika ishirini.

Mashine ilisikika kwa muda wa saa tisa nzima.

Ndipo Spéciose alipomweleza habari za kugonga mlango. Alizieleza bila kulia, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Aliuliza, akajibiwa. Aliuliza, akajibiwa. Rachidi alisikiliza hadi mwisho. Hakutaja majini, hakutaja wachawi. Alikusanya bisibisi zake moja moja, akasema atarudi kesho kumaliza kazi, kwa kuwa aliahidi.

Ijumaa kibao cha libuyu kilichongwa. Kabla ya kuanza, Rachidi alimkumbusha Spéciose kwamba hati ya daktari inasema kumi na tatu. Kibao kikisema vingine, watu wataona uongo umechongwa juu ya kaburi, tena na mtu mwenye faida nao. Spéciose alijibu kwamba ubao ni mmoja tu na mashine inakubali tarehe moja tu. Lakini ndani yake alikuwa ameanza kuelewa mizani aliyowekewa. Ikiwa mumewe alikufa Jumatano, basi alimwacha afe. Ikiwa alikufa Jumanne, basi hana hatia. Lakini hapo, Jumatano yote, kuanzia asubuhi, alikuwa akimpikia, akimuuliza na kumsubiri mtu mwingine. Alijaribu kuona ni lipi linamuuma zaidi. Hakuna lililomuuma. Alisema achonge kumi na mbili.

Kazi ilipokwisha mvua ilianza kunyesha kwa upepo, na Rachidi akaufunga mlango ili vumbi la mbao lisilowe. Ilikuwa mara ya kwanza katika juma lile mlango ule kufungwa na watu wakiwa ndani. Ulikuwa ule ule uliovunjwa na Valéry. Bawaba tu ndizo zilizobadilishwa. Rachidi aliutazama upande wa ndani. Akaita kwa mkono.

Kwenye ubao wa mlango, usawa wa kifua, kulikuwa na vitundu sita. Viwili viwili, jozi tatu, moja chini ya nyingine.

Alivipima. Vyote vilikuwa na kipenyo cha milimita tatu, sawa na kisu kilichokuwa bado ndani ya mashine. Vyote vilikuwa na kina cha milimita mbili. Vyote vilikuwa na chini tambarare, kama vinavyotoka kwenye kisu kinachoshuka wima na kupanda. Kutoka mwisho wa reli hadi mlango kuna mita mbili na nusu, na mashine imefungwa mezani kwa bolti nane.

"Pengine Sylvère alitoboa ya kuning'iniza makoti," Spéciose alisema.

"Pengine," Rachidi alisema. Alinong'ona jina la Mungu, akachukua mfuko wake, akaondoka kabla ya futari, na mvua ilikuwa haijakatika.

Jumamosi, makaburini, ukoo ulikuwa umekusanyika tangu saa nne. Padri alimaliza sala zake. Valéry alikuwa amevaa suti nyeusi na alishika karatasi aliyoikunja mara nne. Kila mtu alijua ndani yake kuna nini. Orlane na binamu yake walikitoa kibao kwenye kitambaa, wakakisimamisha kichwani pa kaburi. Watu walisoma. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye migomba. Spéciose alisubiri aitwe mwongo.

Valéry alisogea karibu na kibao. Aliinama. Alipitisha kidole juu ya ile 12, kisha akakiondoa haraka, kana kwamba mbao ina moto. Alipomgeukia mjane, uso wake ulikuwa wa mzee.

"Shemeji," alinong'ona, "nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ile maneno ya daktari. Tulikuwa sisi wawili tu, pale kwa mulango. Alisema huyu mutu hakufa leo. Alisema ana siku nzima, labda na zaidi." Valéry aliikunja karatasi yake mara nyingine. "Mi nilimuapia kama nilisikia mashine saa sita. Nilimuapia, Mama Orlane. Ndiyo akaandika ile nilisema."

Spéciose alimtazama. Aliona kwamba anapaswa kukasirika. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa na neno moja mfukoni, neno ambalo lingemfungua, na badala yake alitembea na jingine. Valéry hakuifungua karatasi yake. Zamu yake ya kusema ilipofika, alisema kwamba mdogo wake aliondoka Jumanne, peke yake, kwa haraka, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Na kwamba nyumba ya Sylvère ni ya mke wake na mtoto wake. Wazee waliitikia. Vinywaji vikagawanywa. Mama mmoja alimkumbatia Spéciose akamwambia sasa alie, imekwisha. Alijaribu.

Walirudi nyumbani saa tisa alasiri. Jua lilikuwa limetoka, majani yanametameta, na Patricia alikuwa ameanza tena kufua. Orlane aliingia ndani kubadilisha nguo. Spéciose alipita uani akiwa bado amevaa vitenge vya sherehe, akasimama mbele ya mlango wa chumba kile. Ulikuwa umefungwa. Waya wa mashine ulikuwa umening'inizwa nje dirishani, ambako Rachidi aliuacha ili aliye na macho auone.

Alikuja kushukuru. Baadaye alimwambia Orlane hivyo, na hakuna sababu ya kutomwamini. Alitaka kumwambia mumewe kwamba neno lake limefika, limesomwa na watu wote, na kwamba amemtua mzigo. Alifungua mdomo. Lakini mwaka mzima alikuwa ameulizwa yeye. Hakuwahi kuuliza tena upande huu wa mlango. Akasikia mdomo wake ukisema kitu kingine.

"Sylvère," alinong'ona. "Ni we?"

Ng'ambo ya ukuta maji yalimwagwa kutoka kwenye beseni.

Mlango uligongwa.

Mara moja.

Alisubiri ya pili. Alisubiri huku amenyoosha shingo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Aliwasubiri wote, Sylvère, Mungu, Patricia na beseni lake. Orlane, aliyekuwa ametoka kwenye varanda akiwa na viatu mkononi, alisubiri pia, kwa maana naye alikuwa amesikia.

Ya pili haikuja.

Spéciose aliitika kwa kichwa, kwa adabu, kama aliyeambiwa na mwenye duka kwamba sukari imekwisha. Alikwenda jikoni akawasha makaa.

Jumapili, baada ya misa, Orlane alifungua chumba kile mchana kweupe akiwa na rula. Mkono wa mashine ulikuwa kwenye kona yake. Juu ya reli kulikuwa na vumbi laini lisiloguswa tangu Ijumaa. Upande wa ndani wa mlango, chini ya zile jozi tatu, kulikuwa na kitundu cha saba, kimoja, katikati. Milimita tatu. Kina milimita mbili. Chembe nyeupe za mbao zilikuwa bado zimening'inia mdomoni pake.

Mlango huo upo hadi leo, na anayetaka kuupima hukaribishwa. Rachidi hakuwahi kurudi, ila ushahidi wake hajaubadilisha. Patricia anasema hakusikia kitu siku ile, maana alikuwa akimwaga maji. Valéry anaapa kwamba neno la daktari hakumwambia kiumbe. Huenda mjane na binti yake, kwa huzuni au kwa hesabu, walitoboa kitundu kimoja. Msumari na jioni moja vinatosha. Lakini anayesema hivyo atuambie walijuaje alichokisema daktari, na kwa nini watu wanaotaka kuaminika wamtobolee shahidi wao mwenyewe jibu la kujikana. Na anayeamini kwamba kulikuwa na mwenye kujibu nyuma ya mlango ule, naye hayuko salama: mjane anaishi katika nyumba yake leo kwa ushahidi wa shahidi asiyeonekana, aliyesema kweli kuhusu tarehe, na alipoulizwa kama ndiye marehemu, akajibu hapana. Kama hapo pia alisema kweli, alikuwa nani, na Jumatano ile alikaa saa tisa pamoja na maiti akifanya nini? Umesikia yote niliyoyasikia mimi. Hukumu ni yako.